Gari Linalochemsha Likiwa Limesimama

Msimu wa kukusanya mazao ufikapo, lori la chama huwa na kazi mbili: kusafiri na kungoja. Katika mikoa ya pamba, kama Shinyanga na Simiyu, lori lililosheheni huweza kukaa kwa saa nyingi katika foleni ya mizani ya kiwanda cha kuchambulia pamba, na dereva huiacha injini ikinguruma kwa kuchelea kwamba akiizima haitawaka tena. Hapo mshale wa joto hupanda na maji huanza kufoka. Taarifa inayofika ofisini huwa na maneno mawili tu, "gari linachemsha". Bodi hupitisha fedha, injini ikafunguliwa, na wanachama wakakatwa gharama ya ugonjwa ambao pengine haukuwamo ndani ya injini hata kidogo.

Kabla ya spana kushikwa, dereva aulizwe swali moja: gari huchemsha likiwa mwendoni, au likisimama tu? Jibu lake lina thamani kubwa. Gari likiwa katika mwendo, upepo wa njiani hupenya wenyewe katika rejeta na kuyapoza maji. Likisimama, upepo huo hukoma, na kazi yote huachiwa feni. Kwa hiyo gari linalopoa barabarani na kuchemka katika foleni linalalamikia hewa kwanza. Themostati iliyoganda ikiwa imefungwa, au rejeta iliyoziba ndani kwa kutu, aghalabu huchemsha gari hata mwendoni, hasa mlimani likiwa na mzigo. Wapo madereva wanaoing'oa themostati na kuitupa wakidhani wametibu. Injini hiyo huchelewa kupata joto lake, hula mafuta zaidi, na katika foleni huchemka vilevile.

Basi uchunguzi uanzie kwenye feni. Malori mengi yana feni inayozungushwa na mkanda. Injini ikiwa imezimwa, mkanda ubonyezwe kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu. Kwa kawaida hubonyea kiasi cha sentimita 1 hivi. Ukilegea zaidi ya hapo, au ukiwa umeng'aa na kupasuka, huteleza, na pampu ya maji inayoendeshwa na mkanda huo huo hudhoofika pamoja na feni. Feni nyingine zina kitovu chenye mafuta mazito ndani yake, ambacho huishika feni kadiri joto linavyozidi. Injini ikizimwa ingali moto, feni ya namna hiyo huwa nzito mkononi. Ikizunguka huru kama gurudumu la baiskeli, au kitovu kikiwa na michirizi ya mafuta, kitovu kimekufa.

Gari dogo la chama huenda likawa na feni ya umeme. Hiyo hutakiwa kuwaka yenyewe joto lifikapo kiwango chake. Isipowaka, fyuzi itazamwe, kisha relei, kisha swichi ya joto. Feni ikiunganishwa moja kwa moja na betri ikazunguka vizuri, mota yake ni nzima na kasoro iko katika njia ya umeme. Mkono usiikaribie hata ufunguo ukiwa umetolewa, maana baadhi ya feni hizo huwaka zenyewe gari likiwa limezimwa.

Kisha rejeta yenyewe. Nyuzi za pamba, vumbi na wadudu hujaza nafasi baina ya vibati vyake vyembamba, na kwa mbali huonekana safi. Ioshwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kuelekea nje, ili uchafu utoke ulikoingilia. Kizingo kinachoizunguka feni nacho kirudishwe. Mafundi hukitoa ili wapate nafasi ya kazi, kikasahauliwa sakafuni. Bila hicho feni huvuta hewa ya pembeni, iliyokwisha kupata moto, badala ya ile inayopita katika rejeta.

Kifuniko cha rejeta hudharauliwa kwa udogo wake. Kikishika shinikizo lake sawasawa, maji yanayochemka kwa nyuzi 100 huweza kuvumilia hadi nyuzi 120 hivi. Kwa vyama vya nyanda za juu jambo hili ni zito zaidi: penye mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji matupu yasiyo na shinikizo huchemka kwa nyuzi 93 tu. Mpira wa kifuniko ukichakaa, kibadilishwe. Kamwe kisifunguliwe injini ingali moto, wala maji baridi yasimiminwe ghafla ndani yake, kwani silinda hedi huweza kupasuka, na hapo ndipo gharama kubwa huanza kweli.

Iwapo yote hayo ni mazima, na mapovu yanaendelea kutoka katika rejeta, au mafuta ya injini yamegeuka rangi ya maziwa, gasketi ya silinda hedi ishukiwe, na fundi ana haki ya kufungua. Lakini aandike alichokiona, na kifaa kibovu kirudishwe ghalani pamoja na stakabadhi. Gari likirudi, liachwe likinguruma juani kwa nusu saa, kama litakavyosimama kwenye mizani, Katibu akiutazama mshale, ndipo hati ya malipo itiwe sahihi.