Darubini ya Kwanza kwa Mfuko Mdogo



Wiki ya kwanza ya Januari 2025 ilitukuta Nyeri, nyumbani kwa mpwa wetu aliyehamia huko kutoka Mombasa na ambaye sasa ana duka dogo la viungo na kanga. Tulikwenda kuwajulia hali na kulikimbia joto la Kaskazi, wala hatukuwa na nia ya kuandika lolote. Lakini usiku wa kwanza, baada ya chakula, mpwa wetu alitutolea tangazo alilolikata gazetini. Lilikuwa na picha ya darubini nyeupe yenye miguu mitatu, na juu ya kasha lake imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inakuza mara 525.

"Mjomba," akasema, "huyu binti nilimwahidi akimaliza gredi ya sita vizuri nitamnunulia. Amemaliza. Nimeweka shilingi elfu ishirini, na hii bei yake ni elfu kumi na nane. Wasemaje?"

Binti mwenyewe, wa miaka kumi na miwili, alikuwa amesimama mlangoni akijifanya anakunja nguo.

Tulinyamaza kidogo, kwa sababu kasha lile tulilijua. Miaka kumi na minne iliyopita tulilinunua la namna hiyo hiyo huko Mombasa, kwa ajili ya mwanetu aliyekuwa na miaka tisa. Tukapanda naye juu ya nyumba. Tukachomeka kile kioo kidogo kuliko vyote, maana tuliambiwa ndicho kikuzacho zaidi, na tukaona giza. Mwezi ulipoingia ulikuwa kama moshi mweupe unaotetemeka, na kabla mtoto hajaweka jicho ulikuwa umekwisha kutoka. Siku ya tatu alisema amechoka. Siku ya nne hakupanda. Hakutuomba tena kitu cha angani, nasi hatukumuuliza.

Basi tulimwomba mpwa wetu atupe siku mbili kabla ya kutoa fedha zake.

Ile namba ya 525 si uongo mtupu, na ni vyema tueleze inavyopatikana. Darubini ya kasha kama lile huwa na lenzi ya mbele yenye upana wa milimita 60. Mwanga ukishapita humo husafiri milimita 700 kabla ya kukutana mahali pamoja. Masafa hayo huitwa urefu wa fokasi. Nyuma ya bomba huchomekwa kioo cha jichoni, nacho kina namba yake. Gawanya 700 kwa namba hiyo, umepata kitu kitakuzwa mara ngapi. Kioo cha milimita 20 hutoa mara 35, na cha milimita 4 hutoa mara 175. Kisha mtengenezaji hutia ndani ya kasha kilenzi cha kuzidisha mara tatu. Mara 175 ukizidisha kwa tatu ni 525, na kazi ya muuzaji imekwisha.

Hesabu ni sahihi, ila mwanga haupo. Lenzi ya milimita 60 hukusanya mwanga wa kiasi chake tu, na kadiri unavyoikuza picha ndivyo mwanga ule ule unavyotandazwa mahali papana zaidi. Ni sawa na kuongeza maji kwenye mchuzi: sufuria itajaa, lakini ladha haipo. Watazamaji wa nyota hushika kanuni kwamba darubini isikuzishwe kupita takriban mara mbili ya upana wa mdomo wake kwa milimita. Yenye mdomo wa milimita 60 ina mwisho wake mara 120, tena hewa iwe imetulia. Galileo, mwaka 1610, aliiona miezi minne ya sayari ya Mushtarii, ambayo wengine huiita Jupita, kwa bomba lililokuza kiasi cha mara 20.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani ni upana wa mdomo. Bomba lenye kioo cha milimita 130 hukusanya mwanga unaokaribia mara tano ya ule wa milimita 60, na tofauti hiyo mtoto huiona bila kuelezwa.

Swali la pili ni miguu, na hapa watu wa Nyeri, Karatina na Nanyuki wana jambo lao peke yao. Kuna aina ya kiegemeo cha darubini kiitwacho kiegemeo cha ikweta, chenye vyuma vingi na uzito wa kusawazisha unaoning'inia pembeni. Mtu anayeishi kwenye ikweta akisikia jina hilo hudhani kimetengenezwa kwa ajili yake. Mambo ni kinyume. Kiegemeo hicho kina mhimili unaotakiwa kuelekezwa kwenye ncha ya anga ya kaskazini au ya kusini, na uinuliwe kwa digrii zile zile za latitudo ya mahali ulipo. London ni digrii 51, basi mhimili huinuka vizuri. Nyeri iko chini ya nusu digrii kusini ya ikweta, na Nanyuki iko juu ya mstari wenyewe, kwa hiyo mhimili hutakiwa kulala chali. Vingi vya bei nafuu havishuki kiasi hicho, na vikishushwa, ule uzito hugonga mguu. Isitoshe, nyota ya kaskazini ambayo vitabu vya Ulaya hukuagiza uilenge, huko Nyeri imelala kwenye upeo wa macho nyuma ya vilima. Na ninyi wa Lamu, Malindi na Mombasa msijione mmesalimika: digrii zenu ni mbili hadi nne tu.

Siku ya pili tulifuatana na mpwa wetu kupeleka mzigo Nanyuki, tukasimama penye kibao cha ikweta. Vijana pale huwamwagia watalii maji kwenye beseni lenye tundu, wawaonyeshe yanavyozunguka upande huu kaskazini ya mstari na upande ule kusini yake. Onyesho lile ni la mkono wa mmwagaji, si la dunia, lakini hatukuwaharibia riziki. Lililo kweli ni kwamba asimamaye pale, mwaka ukizunguka, hupitiwa na nyota zote za kaskazini na zote za kusini. Watu wa London hawauoni Msalaba wa Kusini maisha yao yote wakiwa kwao. Mtoto wa Nanyuki huuona mlangoni pake.

Kiegemeo kinachomfaa mtoto huyo ni kile chepesi kinachokwenda juu na chini, kushoto na kulia, kama shingo ya mtu. Kilicho bora kwa fedha kidogo ni kile cha John Dobson, aliyekuwa mtawa huko San Francisco, ambaye alikaa miaka mingi akiunda darubini za kioo kwa vitu vya bei ndogo, akaziweka juu ya kisanduku cha mbao, na kuwaita wapita njia barabarani waje watazame. Alifariki mwaka 2014. Hakuna cha kutetemeka pale: bomba limekaa kwenye mbao, na mbao zimekaa chini. Siku hizi hutengenezwa ndogo za kuweka juu ya meza au ndoo iliyofudikizwa. Mojawapo inayojulikana ni Heritage 130P ya Sky-Watcher, yenye kioo cha milimita 130 na fokasi ya 650, ambayo bomba lake hujikunja likaingia kwenye begi.

Mtego wa tatu tuutaje kwa ufupi: bomba fupi la nusu mita linaloandikwa kwamba fokasi yake ni milimita 1000. Humo ndani hutiwa lenzi ya ziada ya kurefusha, ambayo katika zile za bei ndogo huharibu picha. Lipite.

Usiku wa tarehe 4, kabla hatujazungumza tena habari ya kununua, tuliazima darubini ya macho mawili. Jirani yao huongoza watalii katika mbuga ya Aberdare, naye anayo ya 10 kwa 50. Maana yake inakuza mara kumi, na kila mdomo una upana wa milimita 50. Baada ya Isha tulizunguka nyuma ya nyumba, pahali ukuta unapoikinga ile taa kubwa ya mulika mwizi. Baridi ya Nyeri si ya mzaha, tulivaa shuka juu ya koti. Lakini mbingu ilikuwa safi kama inavyokuwa kule Januari na Februari, mvua za vuli zikishakwisha.

Upande wa milima ya Nyandarua iling'aa Zuhura. Juu yake kidogo mwezi mchanga wa Rajabu ulikuwa umesogeleana na Zohali. Mashariki ilikuwa imepanda Mushtarii, na karibu yake Kilimia. Tulimwonyesha binti aegemeze viwiko ukutani, kwa kuwa mkono ukitikisika na anga hutikisika. Akaanza na mwezi, akaona mashimo kwenye mpaka wa nuru na giza. Kisha tukamwelekeza kwenye Kilimia, nyota ambazo wazee wetu walizitazama kujua majira ya kulima, na ambazo kwa macho matupu mtu huhesabu sita au saba.

"Babu," akasema, "mbona zimezidi?"

Akahesabu mpaka ishirini na tatu, akakosea, akaanza upya. Baba yake alikuwa amesimama nyuma yake mikono mfukoni, na hakusema neno.

Siku ya pili yake ndipo tulipokaa na hesabu. Tulimweleza mpwa wetu kwamba kwa elfu ishirini zake alikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kununua ya macho mawili, 10 kwa 50 au 7 kwa 50, ambayo haihitaji miguu wala kufundishwa, na mama mtu akaitumia kutazama ndege mchana. Mtumba nzuri tuliulizia mjini tukatajiwa elfu sita na nusu. Ya pili ni ya lenzi ya milimita 70 yenye fokasi ya 700 juu ya kiegemeo chepesi cha juu na chini. Hiyo huonyesha miezi ya Mushtarii na pete za Zohali, ingawa mwaka huo wa 2025 pete zilikuwa zimetugeukia ubavu, nyembamba kama sindano, za kufunguka tena miaka iliyofuata. Ya tatu ni ile ya kioo cha milimita 130. Hiyo fedha zake hazikuitosha, na kuiagiza kwa meli au ndege kungezidisha bei.

Tukakata shauri hivi: anunue ya macho mawili sasa, na elfu kumi na tatu na nusu zilizobaki azifungie. Tuna jamaa Maskati ajaye nyumbani kila mwaka, na bomba lile linalojikunja linaingia kwenye mzigo wake. Binti atakuwa amekwisha kuijua anga kabla chombo hakijafika, atajua pa kukielekeza. Mpwa wetu aliuliza kama mtoto hataona amedhulumiwa ahadi. Tukamwambia amuulize mwenyewe. Binti alijibu kwamba atangoja, ila ile ya jirani isirudishwe mpaka yake ije.

Yapo mambo mawili ya nyongeza kwa watakaonunua. Nyeri huwa na mawingu na manyunyu Juni hadi Agosti, basi asinunue mtu Juni kisha akalaumu darubini. Na ikitoka ndani kwenye joto iachwe nje nusu saa ipoe, kwa kuwa kioo chenye joto huichezesha picha. La pili ni jua. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa huko Makka, na Kenya tutaona sehemu. Msimwachie mtoto alitazame jua kwa darubini ya aina yoyote. Makasha mengine huja na kioo cheusi cha kuchomeka jichoni kilichoandikwa kwamba ni cha jua. Kioo hicho hupasuka kwa joto, na jicho halina la pili la akiba. Kitupeni siku hiyo hiyo.

Tuliporudi Mombasa, lile kasha la miaka kumi na minne lilikuwa bado juu ya kabati. Tuliliacha hapo wiki kadhaa. Usiku mmoja wa mwisho wa Shaabani, mwezi haupo, tulilishusha. Miguu yake tuliiweka kando. Kilenzi cha kuzidisha mara tatu na kioo cha milimita 4 hatukuvigusa. Tulichomeka kile cha 20, tukalilaza bomba juu ya gunia la mchele kwenye ukingo wa paa, tukalielekeza Mushtarii iliyokuwa imeinamia magharibi. Ilichukua muda kuipata. Ilipotulia ilikuwa kiduara kidogo cheupe, na ubavuni vinukta vimejipanga mstari mmoja. Kumbe kosa halikuwa la chombo peke yake. Sisi tuliomchomekea mtoto kioo kisicho chake, usiku ule, tulikuwa na chenye kufaa mfukoni.

Tulimwita mwanetu. Ana miaka ishirini na mitatu sasa na hurudi kazini amechoka. Alipanda, akainama, akakaa kimya.

"Baba, hii si ile ile?"

"Ndiyo ile ile."

Akavuta ndoo, akaifudikiza, akaikalia. Tulimwacha pale, na tuliposhuka alikuwa bado ameinama, akilisogeza gunia kidogo kidogo kuifuata Mushtarii mpaka ikashuka nyuma ya paa la jirani.