Ghala Limejaa, Mtaa Una Njaa

Ukicheza Caesar III, gemu la mwaka 1998 la kujenga miji ya dola ya Roma, utakwama hapa: ghala limejaa ngano, lakini nyumba zinashuka hadhi na watu wanahama. Wengi tunakimbilia kuongeza mashamba. (Nimelifanya hilo, tena usiku wa kuamkia tesiti.)

Kumbe shida iko barabarani. Mama wa sokoni anafuata chakula ghalani, kisha mwenzake anazunguka mitaani kukigawa, na nyumba anayoipita ndiyo inayokula. Akifika njia panda anabahatisha tu. Njia panda zikizidi, kuna mtaa atausahau kabisa.

Mwaka 1981 Amartya Sen aliandika jambo linalokaribiana na hili kuhusu njaa ya Bengal ya 1943: chakula kuwepo ni kitu kimoja, mtu kukipata ni kingine. Ila huko kikwazo kilikuwa mfuko. Bei zilipanda, vibarua wa vijijini wakashindwa kununua.

Kwenye gemu dawa ni nyepesi. Punguza njia panda, chora barabara ya mzunguko, nyumba na soko vikae pembeni yake. Ngano ni ileile, na watu wanaanza kurudi.