Maziwa Yamepungua? Hesabu Pumzi za Ng'ombe Kabla ya Kubadilisha Chakula

Kila mwaka kati ya Januari na Machi, jua la Kilifi linapokuwa kali, malalamiko ya wafugaji huwa yale yale: maziwa yamepungua. Mmoja hubadilisha chakula, mwingine hununua dawa ya minyoo, wa tatu huamua kumuuza ng'ombe. Mara nyingi kosa si la chakula wala la ng'ombe. Ni joto, na mfugaji anaweza kulipima mwenyewe kwa saa na kipimajoto.

Kwa nini ng'ombe wa maziwa huumia zaidi

Ng'ombe hutengeneza joto mwilini anaposaga chakula na anapotengeneza maziwa. Anayetoa maziwa mengi ndiye mwenye joto jingi la kutoa nje, na hulitoa kwa jasho na kwa pumzi. Hewa ikijaa unyevunyevu, jasho halikauki na joto hubaki mwilini. Ng'ombe wa aina ya Friesian hustarehe zaidi kati ya nyuzi 5 na 25 za selisiasi. Sahiwal, zebu na machotara wao huvumilia zaidi, lakini nao wana kikomo.

Kipimajoto cha ukutani hakitoshi

Wataalamu hujumlisha joto na unyevunyevu wa hewa katika kipimo kimoja. Kwa miaka mingi alama 72 imechukuliwa kuwa mwanzo wa mkazo wa joto, na kwa ng'ombe wanaotoa maziwa mengi sana, 68.

Tuseme saa nane mchana kuna nyuzi 31 katika mabanda mawili, moja Bamba na jingine Mtwapa. Ikiwa unyevunyevu wa Bamba ni asilimia 40, kipimo ni 78. Ikiwa Mtwapa ni asilimia 75, kipimo ni 84. Joto ni lile lile, lakini ng'ombe wa Mtwapa ana mzigo mkubwa zaidi. Hata usiku wa nyuzi 26 wenye unyevunyevu wa asilimia 85, kipimo ni 77. Maana yake, ng'ombe wa mwambao anaweza kukosa nafuu hata gizani.

Kwa kuwa kwetu alama 72 hupitwa kwa urahisi, swali kubwa ni hili: ng'ombe wako analimudu joto hilo au limemshinda? Jibu linatoka mwilini mwake.

Namna ya kupima

1. Pumzi. Ng'ombe akiwa ametulia kivulini, tazama ubavu unavyoinuka na kushuka. Hesabu kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa mbili. Zikizidi 60 kwa dakika, joto limeanza kumlemea. Zikizidi 80, ameathirika wazi. Akitweta kinywa wazi, ulimi nje na udenda ukimtoka, ni hatari: mmwagie maji na umwite daktari wa mifugo mara moja.

2. Joto la mwili. Mfunge vizuri, kisha ingiza kipimajoto katika njia ya haja kubwa, kiguse ukuta wa ndani na si kinyesi. Kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.3. Ikifika 40, usingoje kesho.

3. Maziwa. Andika lita za kila siku karibu na vipimo hivyo. Mara nyingi maziwa hushuka siku moja au mbili baada ya joto kali, ndiyo maana bila daftari mfugaji hulaumu kitu kingine.

Pima mara mbili: alfajiri kabla ya kukamua, na saa nane mchana.

Kipimo cha alfajiri kina kazi kubwa

Joto la hewa huwagusa ng'ombe wote wa banda, hupanda mchana na kupungua kukipoa. Ng'ombe mmoja akiwa na nyuzi 40 alfajiri huku wenzake wako sawa, usiseme ni jua. Huenda ni ndigana kali, inayoenezwa na kupe. Papasa chini ya masikio na mbele ya bega uone kama matezi yamevimba. Ugonjwa huu unaweza kuua, na matibabu hufaa zaidi yakianza mapema.

Hatua za kuchukua

Anza na maji. Ng'ombe anayekamuliwa anaweza kunywa lita 80 au zaidi siku ya joto, hivyo hori la maji lisikauke, usiku pia.

Pili, kivuli na upepo. Paa la makuti huwa na ubaridi kuliko mabati yaliyo chini. Acha pande za banda wazi upepo upite. Kummwagia ng'ombe maji husaidia pale tu penye upepo. Banda lililofungwa likimwagiwa maji huongeza unyevunyevu.

Tatu, sogeza chakula kingi alfajiri na jioni, ili joto la kusaga chakula lisikutane na jua la mchana.

Nne, chunguza dalili za kuhitaji dume asubuhi na mapema na usiku. Wakati wa joto dalili hizo huwa hafifu na fupi, na ng'ombe wengi hawashiki mimba. Hasara hiyo huonekana miezi mingi baadaye, ndama anapokosekana.

Baada ya kila badiliko, hesabu pumzi tena saa nane kwa siku chache. Zikishuka, umepata dawa bila kununua chupa. Zisiposhuka, mpelekee afisa wa mifugo wa wadi yako daftari lako. Vipimo vya wiki mbili vitamwambia mengi kuliko neno "maziwa yamepungua".