Mwalimu, Mbona Paneli Inachemka?

Mwaka jana, nikiwa TP kwenye shule moja nje kidogo ya Ifakara, kijana wa Kidato cha Tatu aligusa paneli ya sola tunayochajia simu, akaondoa mkono haraka. "Mwalimu, kazi yake si kutoa umeme? Mbona inachemka?" Nikamjibu, "Ni jua la Kilombero hilo." Darasa likacheka, tukasonga mbele. Kwa kweli nilikuwa nimekwepa. Jibu lenyewe ndilo hili.

Chukulia umepanda bajaji. Nauli ni 1,000, umetoa 2,500, na dereva harudishi chenji. Fotoni ya mwanga wa bluu hubeba takriban elektronivolti 2.7, wakati silikoni inahitaji kama 1.1 tu kuamsha elektroni. Elektroni huondoka na ile ziada, ikiwa "ya moto", kisha huimwaga kwenye atomi zinazoizunguka. Atomi zinatetemeka zaidi, na mtetemo huo ndio joto. Kwenye silikoni yote haya huisha kabla ya pikosekunde moja, yaani sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Karibu theluthi ya nishati ya jua inaishia hapo.

Hasara ni mara mbili, maana kila nyuzi moja juu ya 25 huipunguzia paneli takriban asilimia 0.4 ya nguvu. Ikifika nyuzi 60, imeshapoteza kama asilimia 14.

Sasa ipo familia nyingine ya semikondakta, perovskaiti. Mwaka 2009 huko Japani, Miyasaka na wenzake walitengeneza seli ya jua kwa perovskaiti, ikatoa asilimia 3.8. Leo zile za maabara zimevuka 25. Kinachonivutia zaidi ni kwamba elektroni zake za moto huchelewa kupoa. Zikijazana, mitetemo hukosa pa kukimbilia na kuzirudishia nishati, hivyo moto wao unaweza kudumu makumi ya pikosekunde. Yaani dereva bado kashika chenji mkononi, ukiwahi unaidai. Ross na Nozik walikokotoa mwaka 1982 kwamba seli inayowahi hivyo inaweza kufikia asilimia 66 kinadharia.

Ila tusishangilie mapema. Kuchelewa huko huonekana vizuri chini ya leza, mwanga mkali kuliko jua letu. Tena perovskaiti nyingi huharibiwa na unyevu, na zina madini ya risasi. Kwenye bonde la mpunga linalofurika masika, paneli iliyopasuka ikilala shambani si jambo la mchezo.

Wiki ya mwisho nilimrudia yule kijana na maelezo haya. Akaniuliza, "Sasa elektroni tutaidakaje kabla haijapoa?" Nikamwambia ukweli: hata maabara kubwa bado wanahangaika na hilo. Safari hii hakuna aliyecheka. Aliliandika swali kwenye daftari lake, nami nikaliandika kwenye langu.