Bei ya saumu ikikutatiza, lala kwanza

MKULIMA wa vitunguu saumu wilayani Mbulu anaifahamu hali hii. Jua linazama, dalali amefika shambani, anataja bei na kusema lori linaondoka usiku huohuo. Mkulima amechoka na ada ya shule inamsubiri, hivyo anakubali. Asubuhi akipiga hesabu anakuta hata fedha za mbegu na vibarua hazijarudi.

Usingizi ungeweza kumsaidia. Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani walitangaza matokeo ya jaribio la mafumbo ya namba, yenye njia ya mkato iliyofichika. Miongoni mwa waliolala saa nane baada ya kuanza mazoezi, karibu 6 kati ya 10 waliigundua njia hiyo. Kwa waliokaa macho muda huohuo, waliogundua ni kama 2 tu kati ya 10. Mtu akilala, ubongo huendelea kupanga upya aliyojifunza.

Vipi kuhusu ulinzi wa mavuno? Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi Bonde la Yaeda, Mbulu, wana la kufundisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia watu wazima 33 kwa takriban siku 20. Muda ambao wote walikuwa usingizini kwa pamoja ulifikia dakika 18 tu. Wazee hulala na kuamka mapema, vijana huchelewa. Familia za Hanang zinazolinda mahindi na mbaazi zinaweza kupokezana vivyo hivyo, badala ya mtu mmoja kukesha kila siku.

Ndoto nazo zimechunguzwa. Utafiti wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba ndoto za Wahadzabe mara nyingi huanza na hatari na kuishia kwa msaada wa wenzao.

Hata hivyo, ndoto haitaji bei ya soko. Kabla ya kulala, mkulima aandike gharama za mbegu, mbolea, vibarua na usafiri, kisha aulize bei kwa wenzake au chama cha ushirika. Saumu iliyokaushwa vizuri hukaa miezi kadhaa, hivyo usiku mmoja hauiharibu.

Dalali aambiwe arudi asubuhi. Lori likiondoka, mzigo bado uko ghalani, na mwenye mali ameamka na hesabu yake kamili.