Picha ya Mihrabu Itundikwe Ukuta Gani?

Mpiga picha akiniletea picha ya mihrabu ya Songo Mnara, mji wa magofu kisiwani karibu na Kilwa, kusini mwa pwani ya Tanzania, namuuliza kwanza: uliipiga wakati wa kaskazi au wa kusi? Kilwa na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kutoka kusini kwenda kaskazini, kwa hiyo anayeswali Songo Mnara anaelekea kaskazini, na uso wa mihrabu unatazama kusini. Katika msikiti uliokwisha kuanguka paa, uso huo hupata jua la adhuhuri pale tu jua linapopita kusini mwa utosi, yaani takriban katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari. Mwezi wa Juni ukuta huohuo unashinda kivulini kutwa. Picha mbili za jiwe moja zinaweza kufanana na picha za misikiti miwili.

Nimeanza na mwanga kwa sababu ndipo maonesho mengi ya picha za majengo yanapopotea. Picha huchaguliwa kwa uzuri wake, kisha zinapangwa ukutani kwa rangi na ukubwa mpaka chumba kipendeze. Jengo lenyewe halikuulizwa. Mimi naamini mpangilio wa maonesho utoke kwenye jengo: lilielekea wapi, lilipimwa kwa kipimo gani, mtu aliingilia wapi na akasimama wapi. Basi picha ya mihrabu itundikwe ukuta wa kaskazini wa ukumbi, ya kaskazi na ya kusi bega kwa bega. Hata ukumbi ukiwa Dar es Salaam, anayezitazama atakuwa ameelekea kule walikoelekea waliojenga.

Waliojenga walikuwa Waswahili wa mwishoni mwa karne ya 14 na karne ya 15, na mapema karne ya 16 mji ukahamwa. UNESCO iliuandikisha mwaka 1981 pamoja na Kilwa Kisiwani, ikihesabu misikiti 5, jumba kubwa na nyumba 33 za mawe ndani ya ukuta wa mji.

Ndani ya nyumba hizo ndipo kamera inapodanganya zaidi. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuwa ndefu kuliko mti ulioizaa. Chumba kikaishia upana wa mita 2 na nusu hivi, au 3, kikirefushwa kwa upande wa pili kadiri mwenye nyumba alivyotaka. Ukisimama ndani unakisikia mwilini: ukinyoosha mikono, kuta mbili haziko mbali. Sasa mpiga picha anaegemea pembeni na lenzi pana, na chumba kinageuka ukumbi. Niliwahi kutundika picha ya namna hiyo, haina mtu wala kitu cha kupimia, na wageni wakatoka wakisifia baraza la sultani. Kilikuwa chumba cha ndani cha nyumba ya kawaida. Kosa lilikuwa langu, na bado linanichoma.

Tangu hapo nachora chumba sakafuni kwa utepe, kwa vipimo vyake halisi, mbele ya picha yake. Vipimo vipo. Mwanaakiolojia Peter Garlake alichapisha michoro ya majengo ya kale ya pwani hii mwaka 1966, na mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umeyapima magofu ya Kilwa na Songo Mnara kwa leza. Mgeni aingie ndani ya utepe, ageuke, ndipo ainue macho kwenye picha. Picha ya kidaka itundikwe kwa kimo kilekile cha kidaka ukutani, hata kama itamlazimu mgeni kuinama. Na fremu za milango, zilizochongwa kwa tumbawe laini lililotolewa baharini likiwa bichi na kukatika kirahisi kabla halijakauka na kuwa gumu, zichapwe kwa ukubwa wake, ili alama za chombo cha fundi zionekane bila kukuzwa.

Kuna jambo jingine ambalo picha haiwezi kulibeba peke yake. Wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, walioanza kuchimba Songo Mnara mwaka 2009, wameonesha kwamba uwanja ulio wazi kati ya nyumba, wenye makaburi na msikiti mdogo, ulikuwa sehemu ya mpango wa mji. Watu waliuacha wazi kwa makusudi. Kwa hiyo katikati ya ukumbi wa maonesho pasiwekwe kitu: kabati la vioo lisiwepo, benchi lisiwepo. Wenye kumbi hulalamika kwamba nafasi inapotea. Mimi siikubali hoja hiyo. Nyumba zikizunguka uwazi, picha za nyumba nazo zizunguke uwazi.

Kila picha iandikwe mwaka. Magofu haya yalikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014, na kuta kadhaa zimetiwa chokaa mpya. Mgeni asidhani kiraka cha juzi ni kazi ya fundi wa zamani.

Maonesho ya kwanza yafanyike kisiwani. Karatasi haiwezi chumvi na upepo wa kule, basi picha zichapwe kwenye kitambaa zifungwe kwenye boriti, na siku ya kufungua ipangwe kwa kufuata maji ili mashua za kutoka Kilwa Masoko zifike bila kukwama. Nafasi ya maelezo chini ya kila picha iachwe tupu mpaka wazee wa kijiji wapite, watazame, wapataje mahali hapo kwa jina wanalolitumia wao. Ndipo picha hizohizo, na majina hayo, zivuke kwenda bara.