Kisomo gerezani ni haki, si hisani

Mfungwa aliyehukumiwa na hakimu hapa nchini ana siku 14 za kukata rufani. Siku hizo huhesabiwa tangu hukumu itolewe, awe anajua kusoma au hajui. Asiyejua hana budi kumtegemea mfungwa mwenziwe amsomee hukumu yake na kumwandikia sababu za rufani, kisha atie kidole gumba katika karatasi asiyoweza kuihakiki. Ni kweli kwamba mahakama yaweza kumwongezea muda kwa sababu za kuridhisha. Lakini ombi hilo nalo huandikwa.

Hapo ndipo unapopasa kuanzia mjadala kuhusu elimu ya watu wazima magerezani. Tumezoea kuiona elimu hiyo kama hisani, sawa na blanketi zinazogawiwa na wasamaria wema wakati wa sikukuu. Kwa maoni yangu, kisomo ni sehemu ya haki yenyewe, na gharama yake yapasa kutoka katika hazina ya umma.

Si kwamba hapajafanyika lolote. Kwa miaka mingi wafungwa wamefanya mitihani ya KCSE, na hata ya KCPE hadi ilipokomeshwa mwaka 2023. Pale Kamiti, wapo waliohitimu shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London. Tunawapongeza. Hata hivyo, madarasa mengi yameendeshwa na wafungwa wanaofundisha wenzao, askari jela wenye moyo, na wafadhili. Mwalimu akimaliza kifungo, darasa hubaki yatima. Mfadhili akiondoka, vitabu huondoka naye. Isitoshe, anayefaulu KCSE gerezani hupigwa picha gazetini, ilhali mzee aliyejifunza kuandika jina lake hatajwi. Huyu ndiye mwenye haja kubwa zaidi.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba asilimia 38.5 ya watu wazima nchini hawakuwa wamefikia kiwango cha chini cha kisomo. Haiyumkiniki kwamba magereza yetu yalijazwa kutoka katika ile asilimia 61.5 iliyosalia peke yake.

Wapo watakaouliza: kwa nini tumgharimie mhalifu hali watoto wa raia wema hawana madawati? Swali hili ni la haki, nami silidharau. Lakini tukumbuke kwamba mahabusu walioko rumande hawajapatikana na hatia yoyote. Aidha, wafungwa walio wengi watarudi vijijini na mitaani mwetu. Mwaka 2013 shirika la utafiti la RAND la Marekani lilikadiria kwamba kila dola moja inayotumiwa kuwasomesha wafungwa huokoa dola nne hadi tano za gharama ya kuwafunga tena. Kenya si Marekani, lakini hata hapa anayerudi jela hulishwa na mlipa kodi.

Ibara ya 50 ya Katiba inataka mshtakiwa apewe habari katika lugha anayoielewa. Nikiwa mwanaisimu, naongeza kwamba kwa asiyejua kusoma, karatasi haina lugha. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema kwamba elimu kwa wafungwa wasiojua kusoma na kuandika iwe ya lazima.

Basi, bajeti itenge fungu maalumu la kuajiri walimu wa elimu ya watu wazima katika kila gereza na kununua vitabu. Kwa mahabusu, ambao huenda wakakaa wiki chache tu, masomo yaanze na jina, hati ya mashtaka na barua ya nyumbani, kwa Kiswahili au lugha ya mama.

Walimu na wanafunzi wa fasihi wanaijua Sauti ya Dhiki, diwani ambayo Abdilatif Abdalla aliitunga akiwa kifungoni, ikachapishwa mwaka 1973. Yeye aliingia gerezani akiwa tayari na kisomo chake. Wangapi leo wanaingia na dhiki, lakini hawana sauti?